ETI MASIKINI WA MAREKANI NI WAVIVU! HUYU STAA ANGEULIZA KWANZA KABLA YA KUROPOKA

Kuna staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, karudi juzi kupiga shoo Texas na sasa kila akishika simu ni somo la uchumi. Kwa wiki 2 alizokaa huko, hoteli juu ya promota, misosi juu ya promota, kashajua kwamba Marekani hela imejaa kibao na aliyeikosa ni mvivu tu. Mashabiki wanashangilia, eti kasema ukweli mchungu. Ukweli gani sasa?

Anzia hapo hapo Texas. Kima cha chini cha mshahara ni dola 7.25 kwa saa. Ndicho kiwango cha serikali kuu, na hakijaguswa tangu Julai 2009. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule saa hizi anaota ndevu, kima ni kile kile. Piga hesabu: saa 40 kwa wiki ni dola 290, na hapo makato bado. Ni kweli kuna majimbo yamejipandishia, California imeshavuka dola 16, na hata Texas waajiri wengi wanalipa zaidi maana bila hivyo hawapati watu. Sawa. Ila sheria yenyewe imelala miaka yote hiyo wakati kodi ya nyumba, mayai na bima ya gari havijalala hata siku moja. Na Texas ile bila gari kazini utafika vipi?

Juni 2022 mfumuko wa bei ukagonga asilimia 9.1, kitu ambacho Wamarekani hawakukiona kwa miaka kama 40. Benki kuu yao ikapandisha riba kutoka karibu na sifuri mpaka juu ya asilimia 5 mwaka uliofuata. Mfumuko ukapoa, lakini kupoa maana yake bei zinapanda taratibu, sio kwamba zilirudi zilikotoka. Mwenye deni la kadi akabanwa mara mbili, dukani na benki. Naye alikuwa amelala?

Sasa njoo kwenye kinachouma zaidi. Mwaka 2021 serikali ya Marekani iliongeza nafuu ya kodi kwa wenye watoto, na kuanzia Julai hela ikawa inaingia kila mwezi: mpaka dola 300 kwa mtoto wa chini ya miaka 6, dola 250 kwa mkubwa. Hata mzazi mwenye kipato kidogo kabisa alipata. Mwaka ule umasikini wa watoto, kwa kile kipimo kinachohesabu na misaada ya serikali, ukashuka mpaka asilimia 5.2, chini kuliko mwaka wowote tangu kipimo hicho kianze. Desemba malipo yakakata. Kwenye Seneti kura zilikuwa 50 kwa 50, na seneta mmoja wa chama tawala chenyewe akagoma kuunga mkono muswada uliokuwa uyaendeleze. Mwaka 2022 umasikini wa watoto ukaruka mpaka asilimia 12.4.

Kutoka 5 mpaka 12 ndani ya mwaka mmoja! Wazazi wale wote walipatwa na uvivu kwa mpigo, usiku wa mwaka mpya? Waliokatiwa hela ni walewale, na aliyekata anajulikana, alikuwa na mshahara na bima nzuri ya afya.

Halafu Oktoba 2025 wakubwa wakashindwa kuelewana kwenye bajeti, serikali ikafungwa siku 43. Watumishi wa umma wengine wakawa wanaenda kazini bila kulipwa. Msaada wa chakula unaotegemewa na watu kama milioni 42 ukayumba Novemba, mpaka mambo yakafika mahakamani. Wengi kwenye hao milioni 42 ni watoto, wazee na walemavu, na wengine wana kazi kabisa.

Wabongo wanaobeba boksi huko wanaishi humo humo. Mtu anakesha ghalani, asubuhi anaenda kuhudumia wazee, halafu ndugu wa Tandale wakimwona staa anakula bata Houston wanamwita yeye bahili. Hawajui kwamba tangu Januari 2026 akimtumia mama yake hela kwa keshi, kila dola 100 inakatwa dola 1 ya serikali, mbali na ada ya wakala.

Staa anasema atarudi tena Texas mwakani. Safari hii amuulize yule dada aliyemletea nyama choma mezani analipwa ngapi. Sheria inamruhusu tajiri yake kumlipa dola 2.13 kwa saa, kiwango cha tangu 1991, zilizobaki zitoke kwenye bakshishi. Na kama hakuacha kitu mezani siku ile, basi arudi akalipe kabla ya kuposti tena.