Jina la Babu Si Herufi Moja

MEZA YA IJUMAA
Na Zuhura Kombo

Mtoto wa kiume wa Kiyahudi hupewa jina siku ya 8, siku ya tohara yake. Wa kike hutajiwa lake kwenye sinagogi, mara nyingi baba anapoitwa mbele ya Torati. Kabla ya hapo wazazi wengi hulificha, hata shangazi halijui. Basi ugomvi wote hutakiwa kuisha ndani ya siku chache, na ugomvi haukosekani.

Mkubwa ni huu. Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ujerumani, Poland na Urusi, humpa mtoto jina la marehemu. Kumwita kwa jina la babu aliye hai, kwao, ni kama kumharakishia babu safari. Wasefaradi, ambao mababu zao walitoka Uhispania wakaenea Afrika Kaskazini na kwingineko, wengi wao hutarajia kinyume chake: mwana wa kwanza abebe jina la babu wa kuumeni, na babu awepo kulisikia. Mkikuyu yeyote anaielewa hesabu hiyo bila kuelezwa. Sasa waoze kijana wa ukoo wa Casablanca na binti wa ukoo wa Warsaw, kisha wajaliwe mtoto wa kiume. Babu mmoja anangojea heshima yake. Upande wa pili nyanya anasikia tanzia.

Mimi ningempa haki aliye hai, kwa sababu ndiye atakayeumia. Marehemu atachukua jina la pili, maana Wayahudi wengi hupewa mawili, au atamsubiri mtoto ajaye.

Nisichokipenda ni njia ya mkato iliyozoeleka Marekani, ya kumkumbuka mzee kwa herufi ya kwanza tu. Babu alikuwa Moshe, mjukuu kwenye cheti cha kuzaliwa ni Mason. Hilo la cheti nalivumilia, mradi siku ya tohara aitwe Moshe. Lakini wapo wanaobana hata hapo, na la Kiebrania nalo likawa Matan. Herufi moja ni ubahili.

La serikali kuwa tofauti na la Kiebrania si kosa. Theodor Herzl, mwasisi wa harakati ya Uzayuni, kwa Kiebrania alikuwa Binyamin Ze'ev. Na wakati mwingine jina la kwenye karatasi lilikuwa hatari tupu: kwa amri ya Agosti 1938, Wayahudi wa Ujerumani ambao majina yao hayakuwa kwenye orodha ya Wanazi ya majina ya Kiyahudi walilazimishwa kujiongezea, wanaume Israel na wanawake Sara, kuanzia Januari 1939. Majina ya mababu yakageuzwa mhuri wa kuwabagulia. Mzazi anayeficha la Kiebrania ili makarani wasilione ana historia nyuma yake. Jirani zetu Abayudaya, Wayahudi wa Mbale nchini Uganda, walioanza na Semei Kakungulu mwaka 1919, hawafichi. Rabi wao, Gershom Sizomu, hubeba la Kiebrania na la nyumbani pamoja.

Kuna jambo moja ambalo hata wazazi makini hulipita haraka. Jina kamili la Kiebrania ni fulani ben fulani, au bat kwa msichana, na kwa desturi huyo wa pili ni baba. Ndilo huandikwa kwenye hati ya ndoa na juu ya kaburi. Ila mtu akiugua, sala ya kumwombea afya humtaja kwa jina la mama yake. Yaani mama aitwe usiku wa homa, siku ya furaha akae kando? Jumuiya nyingi za madhehebu ya Reform na Conservative sasa hutaja wazazi wote wawili. Waorthodox wana hoja zao za sheria, na si kazi yangu kuzifuta. Lakini ningekuwa nyanya wa mtoto huyo, jina la binti yangu lingesikika siku ya 8, na hapo nisingekubali kupatanishwa.