Kasi ya kibarua ni faida ya nani?

KILA msimu wa tumbaku unapokaribia, wakulima wa Urambo, Sikonge, Kaliua na Uyui huanza kutafuta vibarua. Wengi wa vijana hao hutoka Kigoma na mikoa mingine ya jirani, na makubaliano hufanywa kwa mdomo. Kijana atapewa chakula na mahali pa kulala, na fedha yake ataipata tumbaku ikishauzwa.

Jambo moja halizungumzwi kabisa siku hiyo ya makubaliano. Itakuwaje kijana huyo akifanya kazi zaidi, au haraka zaidi, kuliko mwenye shamba alivyotarajia?

Jibu hujulikana wiki ya kwanza. Anayemaliza ngwe yake saa nne asubuhi huonyeshwa ngwe nyingine, wakati mwenzake anayeburuza jembe hadi saa nane mchana hupumzika akiwa na ujira ule ule. Haipiti wiki ya pili kabla yule mwepesi naye hajajifunza kuburuza jembe. Mwenye shamba hubaki akilalamika kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu, malalamiko ambayo bila shaka hata babu yake aliyatoa.

Suala hili si geni Tabora. Mji huu ulikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na katika karne ya 19 bidhaa mojawapo kubwa ya Unyamwezi ilikuwa nguvu za watu wake. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32 au zaidi, na alilipwa kwa vitambaa. Njiani alipewa posho, ambayo kwa kawaida ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku.

Katika njia hiyo kulikuwa na mapatano ya aina mbili. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikodishwa kwa safari nzima. Watu wa pwani, hasa waliofuatana na wasafiri wa Kizungu, walilipwa kwa mwezi.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo lakini ilibadilisha kila kitu. Aliyelipwa kwa safari alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kuharakisha, kwa kuwa ujira haukupungua kwa kufika mapema na alitaka kurudi nyumbani kabla ya mvua ili awahi kulima. Aliyelipwa kwa mwezi hakuwa na sababu hiyo. Kila siku aliyoifupisha ilikuwa siku ya mshahara na kibaba alichojinyima yeye mwenyewe, na faida ikaenda kwa mwenye msafara.

Richard Burton, aliyeondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 na kufika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 7 mwaka huo, alitumia siku 134. Vitabu vya wasafiri wa aina yake vimejaa manung'uniko juu ya wapagazi wanaochelewesha safari, wanaotua mizigo chini na kugoma, au wanaotoroka usiku. Ni mara chache vitabu hivyo vinapojiuliza mpagazi angepata nini zaidi kama angekwenda mbio.

Hata ile tirikeza, mwendo wa alasiri ambao msafara uliondoka penye maji, ukalala pakavu na kufika kwenye maji kesho yake, ilikubalika pale wote walipoona haja yake, kama katika kuvuka pori la Mgunda Mkali. Bosi alipoitaka kwa sababu tu ana haraka zake, mizigo ilishuka chini.

Lakini kisa kinachofundisha zaidi ni cha watu waliofanya kazi ambayo hawakuagizwa na mtu yeyote. Dk. David Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia ya leo. Watumishi wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, wangeweza kumzika hapo na kwenda zao. Badala yake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga na kuubeba kwa zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo.

Oktoba mwaka huo walifika Unyanyembe, nje kidogo ya mji wa Tabora. Hapo walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron, aliyekuwa ametumwa na Chama cha Kijiografia cha Kifalme cha Uingereza kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wauzike mwili palepale. Walikataa. Mbele ya safari waliulaza mwili ndani ya furushi lililofanana na robota la nguo, kwa kuwa wenyeji wasingeruhusu maiti ipite katika nchi yao.

Walifika pwani Februari 1874. Walilipwa ujira wao, wakaruhusiwa waende. Mwili ulipozikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey, Aprili 18, 1874, mmoja tu kati ya waliosafiri nao kutoka Chitambo alikuwapo, Jacob Wainwright. Chuma na Susi walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha. Chama kile kilitengeneza medali kwa ajili ya wabebaji, lakini wengi walikuwa wameshatawanyika na hawakuzipata.

Ni rahisi kusema Waingereza hawakuwa na shukrani. Inawezekana, lakini hiyo ni nusu ya habari. Aliyewaajiri alikuwa amekufa, na aliyewalipa hakuwahi kupatana nao lolote kuhusu kubeba maiti kwa miezi tisa. Mlipaji hulipa kilicho kwenye hesabu yake. Kilichozidi hapo hugeuka kuwa hisani, na hisani haina tarehe ya malipo.

Kasi ya miguu yenyewe nayo ilikuja kukosa soko. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya msafara mrefu ikaisha hata kwa mpagazi hodari kuliko wote.

Sheria ya leo nayo inapima muda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa tisa kwa siku, na inataka saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Ni kinga nzuri kwa mfanyakazi. Hata hivyo, anayemaliza kazi ya siku kwa saa sita hapati chochote zaidi katika hesabu hiyo, wakati anayeichelewesha hadi jioni, bosi akiridhia abaki, anaweza kudai nyongeza.

Wenye mashamba wana hoja yao pia, na si ya kupuuzwa. Haraka si mali kila mahali. Kibarua anayechuma majani mabichi ili ajaze kikapu upesi, au anayechochea moto wa bani kupita kiasi ili alale mapema, anaharibu kazi ya msimu mzima. Tumbaku hununuliwa kwa madaraja, na mteuzi haulizi ilichumwa kwa saa ngapi.

Kwa hiyo kinachofaa kulipiwa si mbio bali kile kinachoongeza fedha sokoni. Kulima kunaweza kulipwa kwa ngwe, na anayemaliza mapema awe huru kwenda zake au kuchukua ngwe ya pili kwa ujira wa pili. Kukesha banini kunaweza kulipwa kwa kila bani litakalotoka na jani safi. Wamiliki wa bodaboda walishaligundua hili. Dereva hupeleka hesabu iliyokubaliwa, kinachozidi ni chake, na ndiyo maana huamka alfajiri bila kugongewa mlango. Tatizo huanza pale mmiliki anapoona dereva ananenepa akapandisha hesabu. Kuanzia siku hiyo, dereva haonyeshi tena alichopata.

Mkulima mwenyewe anajua uchungu huo kuliko anavyokiri. Katika misimu mingi iliyopita, vyama vya msingi vilichukua mikopo ya pembejeo kwa dhamana ya pamoja, na aliyelima vizuri akakatwa fedha kufidia deni la aliyeshindwa au aliyetorosha tumbaku. Wapo waliopunguza heka kwa sababu hiyo. Hakuna aliyewaita wavivu.

Matayarisho ya vitalu huanza miezi kadhaa kabla ya mvua za Novemba, na huo ndio wakati wa kukaa na vibarua. Karatasi moja ya daftari inatosha. Iandikwe ngwe ni hatua ngapi, bani moja ni shilingi ngapi, na kiwango hicho kisiguswe hadi soko lifungwe, hata kama kijana atapata fedha nyingi kuliko mwenye shamba alivyodhani.