Mjukuu wa Chogo na Mkopo wa Chuo
Karne ya 19 Wazigua walichukuliwa huku kwetu Tanga, wakauzwa hadi bonde la Juba, Somalia. Vita vya 1991 vikawarudisha, wakimbizi katika nchi ya babu zao; wengine wakaishia Chogo, Handeni, Kizigua kingali mdomoni. Serikali imewapa baadhi yao uraia, na kwa hilo naipongeza.

Lakini kijana ambaye karatasi zake hazijakamilika, hata kama kasoma hapa tangu darasa la kwanza, Bodi ya Mikopo haimtambui: mkopo ni wa raia. Mkopo, jamani, si zawadi! Angeulipa kwa mshahara wake. Waliomuuza babu hawakumdai cheti cha kuzaliwa. Sisi tunamdai mjukuu. Aliyemaliza kidato cha sita hapa akopeshwe, uraia wake ukiendelea kushughulikiwa.