Vioo na taa havipozi prosesa

Vijana wanaoniletea vipuri niwaungie kompyuta hapa Dar es Salaam huanza na swali la mfumo wa kupoza kwa maji. Mimi huwauliza kwanza: chumba chako kina joto gani mchana wa Februari? Feni haitengenezi ubaridi, inahamisha joto tu. Prosesa inayofika nyuzi 75 katika chumba cha nyuzi 22 itakaribia 85 chumba kikiwa na 32. Maji hayaikwepi hesabu hiyo, maana nayo hupozwa na hewa ileile ya chumbani.

Kasha lenye kioo mbele na taa za rangi zote linapendeza dukani, sikatai. Lakini hewa itaingilia wapi? Bora lenye wavu: feni mbili mbele zivute, moja nyuma itoe. Pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipozeo, tone dogo katikati. Ukiipaka kama siagi kwenye mkate, itamwagikia kwenye bodi.

Halafu kuna vumbi. Unyevu wa pwani hulifanya linate kwenye mapezi ya kipozeo mpaka hewa haipiti. Brashi laini inatosha, ila zuia feni kwa kidole isizunguke unapoisafisha.

Prosesa za Ryzen 7000, za mwaka 2022, zimesanifiwa kufanya kazi hadi nyuzi 95. Zikifika hapo hujipunguzia kasi zenyewe. Mashine ikipungua kasi hivyo, mteja huambiwa imechoka, auziwe nyingine. Mimi naomba bisibisi kwanza.