Kabla Hujalipia Waranti ya Nyongeza, Piga Hesabu Kwanza

Baba ya mwenzetu mmoja hapa kazini ni mkulima Endarasha, kule Kieni ambako Mlima Kenya uko upande mmoja na Nyandarua upande wa pili. Analima waru na kabeji, na ana ng'ombe wachache wa maziwa. Miaka kadhaa iliyopita alinunua pikapu mpya kabisa, ya kwanza maishani mwake. Siku ya kuichukua, karatasi zote zikiwa zimeshawekwa sahihi isipokuwa moja, muuzaji akamwambia: "Mzee, ongeza elfu tisini tu tukurefushie waranti. Utalala usingizi."

Mzee akalipa. Kwani nani hataki usingizi?

Mwaka wa nne, pikapu ilizima njiani ikiwa imejaa waru za soko la Karatina. Pampu ya dizeli ilikuwa imekufa. Mzee hakushtuka sana, alijua ana karatasi yake. Alipopiga simu akaambiwa kwamba sevisi mbili za mwaka uliopita zilifanywa na fundi wa Mweiga, si gereji iliyoidhinishwa, kwa hivyo waranti haifanyi kazi tena. Waru ziliuzwa kwa broka kwa bei ya kutupa, na pampu ikanunuliwa kwa mkopo wa simu. Zile elfu tisini zilikuwa zimeenda zamani.

Wateja wetu wengi wananunua gari, pikipiki au pampu ya maji kwa mara ya kwanza, na wote huulizwa swali hilohilo wakiwa kaunta: "Tukuongezee waranti?" Maoni yetu ni haya: kwa familia nyingi zinazoishi mahali kama Endarasha, pesa hiyo ni afadhali iwe akiba yako mwenyewe ya matengenezo. Na ndiyo, sisi hupata biashara ukiweka akiba kwa simu. Kwa hivyo usituamini kwa maneno matupu, pima hesabu yetu.

Unanunua nini hasa?

Gari jipya huja na waranti ya kiwanda, na bei yake iko ndani ya bei ya gari. Huwa na mipaka miwili, muda na kilomita, na inayofika kwanza ndiyo inayoimaliza. Tuseme ni miaka 3 au kilomita 100,000. Waranti ya nyongeza kwa kawaida huanza pale ya kiwanda inapoishia. Maana yake ni kwamba unalipa leo kwa kazi itakayoanza miaka mitatu ijayo, kama itahitajika. Jarida la Consumer Reports la Marekani liliwahi kuwauliza wasomaji wake walionunua waranti za aina hii, na 55 kati ya kila 100 hawakuwahi kuitumia hata mara moja.

Usiichanganye na bima. Bima kubwa hulipa gari likigongwa au likiibwa. Injini iliyochoka kwa matumizi si kazi ya bima.

Kuna jambo lingine ambalo muuzaji hatakuambia. Sehemu ya unachouziwa tayari ni haki yako. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa ya ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inamfunga muuzaji kwa ubora wa anachouza. Gari jipya likija na kasoro, haki hiyo haikuhitaji kuongeza hata shilingi.

Barabara ni ya huku, masharti ni ya mjini

Soma orodha ya vitu ambavyo waranti hailipii. Mara nyingi utakuta pedi za breki, klachi, tairi, betri, waipa, bushi na springi, yaani vitu vinavyoisha kwa kutumika. Sasa fikiria barabara ya murramu wakati wa mvua ya Aprili, gari limebeba magunia, linapanda mlima na gia ya kwanza. Ni nini kinachoisha kwanza? Ni vitu hivyohivyo.

Halafu kuna umbali. Sharti kubwa la waranti nyingi ni kwamba sevisi zote zifanywe kwenye gereji walizoidhinisha, kwa wakati, na risiti ziwepo. Kwa mtu wa Nairobi hilo ni jambo la mchana mmoja. Kwa mkulima aliye katikati ya mavuno ni siku nzima bila gari, mafuta ya kwenda na kurudi, na maziwa yanayotafuta mtu mwingine wa kuyabeba. Hapo ndipo wengi huvunja sharti bila kujua. Mzee wetu hakuwa mzembe. Gari lilifanyiwa sevisi, tena na fundi mzuri, lakini hakuwa fundi aliyeandikwa kwenye karatasi.

Na kilomita je? Kutoka Nyeri mjini hadi Nairobi ni kama kilomita 150, na ukitoka Endarasha unaongeza. Kwenda na kurudi ni zaidi ya 300. Ukipeleka mboga Nairobi mara tatu kwa wiki, unamaliza zaidi ya kilomita 46,000 kwa mwaka. Ile waranti ya "miaka mitatu" inaisha kwa miaka miwili na miezi michache. Uliza kama ile ya nyongeza nayo ina kikomo cha kilomita, kwa sababu inaweza kukuisha vivyo hivyo.

Mwisho, waranti ni ahadi, na ahadi huwa na mwenyewe. Ni ya kiwanda, ya duka, au ya kampuni ya tatu ambayo hujawahi kuisikia? Agosti 2024 Mobius Motors, kampuni ya kutengeneza magari iliyoanzishwa hapa Kenya, ilitangaza kwamba inafunga, kabla ya kusema baadaye kwamba imepata mnunuzi. Ikiwa anayetengeneza gari anaweza kufikia hapo, fikiria wakala anayekuahidi mambo ya mwaka wa sita.

Elfu tisini zako zinaweza kufanya nini?

Elfu tisini tukigawa kwa miezi 36 ni shilingi 2,500 kwa mwezi. Ukipanga pesa hizo zitoke zenyewe kila mwisho wa mwezi, siku malipo ya maziwa yanapoingia, zikaenda kwenye akiba iliyofungwa, waranti ya kiwanda inapoisha utakuwa na 90,000 yako, pamoja na faida kidogo kama akiba hiyo ina riba. Anayeenda mbali kila wiki aweke zaidi, kwa sababu waranti yake itaisha mapema.

Tofauti ni kubwa. Akiba hii haiulizi fundi alikuwa nani. Inalipa pampu, inalipa klachi, inalipa springi. Gari lisipoharibika, pesa bado ni zako. Ukiuza gari, pesa hazimfuati mnunuzi.

Lakini tuseme ukweli, akiba ina adui mmoja: wewe mwenyewe. Karo ya shule ikifika Januari, elfu arobaini zilizolala zinaanza kukuita. Ndiyo maana tunasema ifungwe, na ipewe jina lake. Akiba inayoitwa "Gari" ni ngumu kuila kuliko pesa iliyokaa tu.

Nani anunue basi?

Wapo. Kama gereji iliyoidhinishwa iko karibu nawe, kama gari ni la mkopo na ndilo linalolipa mkopo huo, na kama unajijua kwamba akiba hukaa kwako wiki mbili tu, waranti ya nyongeza inaweza kukufaa. Vilevile gari lenye mitambo mingi ya umeme, ambalo fundi wa kawaida hawezi kuligusa, lina sababu nzuri zaidi kuliko pikapu ya kawaida.

Hata hivyo, usilipe siku ya kuchukua gari. Omba karatasi ya masharti uende nayo nyumbani. Waranti ya kiwanda kwanza ndiyo inayofanya kazi, kwa hivyo uliza kama unaweza kuinunua baadaye kabla haijaisha. Wakikwambia ni leo au basi, hilo nalo ni jibu.

Ukiamua kulipa, lipa hivi

Lipa kwa Paybill au Till ya kampuni, na usome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Usitume kwa nambari binafsi ya muuzaji, hata kama ni mtoto wa jirani. Hifadhi meseji ya malipo pamoja na picha ya mkataba, na kila sevisi ikifanywa, piga picha risiti siku hiyohiyo. Siku ya kudai, bila risiti utarudi mikono mitupu.

Mzee wa Endarasha bado ana ile pikapu. Fundi wake ni yuleyule wa Mweiga. Kilichobadilika ni kwamba kila maziwa yakilipwa, shilingi 2,500 zinaenda kwenye akiba aliyoiita "Pampu". Mwezi uliopita springi ilivunjika na gari likarudi barabarani siku hiyohiyo, bila mkopo. Mwenzetu alipompigia simu kumpa pole, alicheka tu. "Usijali, nimeshalipa," akasema, kisha akakata simu akaendelea kupakia kabeji.