BWANA SHAMBA ANASEMA: Manjano Si Badala ya Hewa

Ndugu mkulima, manjano ni zao zuri. Tunalima Muheza na Unguja. Rangi yake ya njano inatokana na kitu kiitwacho kurkumini. Wataalamu wamekijaribu kwa panya. Kilipunguza madhara ya ubongo uliokosa hewa. Lakini mtu akila manjano, ni kidogo sana kinachoingia katika damu.

Basi, usitegemee manjano kumwokoa mtu aliyekosa hewa. Jiko la mkaa likiwaka katika nyumba iliyofungwa hutoa hewa ya sumu. Haina harufu. Huizuia damu kubeba hewa safi. Mtu akizimia humo, fungua mlango. Mtoe nje haraka. Usimnyweshe kitu, atapaliwa. Mpeleke hospitali.

Usilale na jiko la mkaa ndani.