Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Kwao ni Wapi?

Wapo wanaoshikilia kwamba kijana wa Kampala achoraye pikipiki, ukuta wa mtaa au msongamano wa magari ameupa kisogo utamaduni wake. Kwa rai yao, picha ya kienyeji sharti iwe na ngoma, mtungi, na ng'ombe mwenye pembe ndefu. Pasipo hivyo ni kuwaiga Wazungu. Sisi hatukubaliani nao hata kidogo. Rai hiyo ikiachwa itambae hadi madarasani, itawanyima vijana haki ya kusema kwa mikono yao kwamba wao ni wa wapi.

Na tuanze na historia. Bibi Margaret Trowell alipoanza kufundisha uchoraji Kampala katika miaka ya 1930, kazi iliyozaa shule ya sanaa ya Makerere, wanafunzi waliomjia hawakuwa wa kabila moja wala wa nchi moja. Gregory Maloba alitoka Kenya. Sam Ntiro, na baada yake Elimo Njau, walitoka Kilimanjaro. Sanamu ya Uhuru iliyosimamishwa katikati ya Kampala mwaka 1962, ile ya mzazi aliyeviringishwa vitambaa huku akimwinua mtoto juu, ni kazi ya Maloba. Ntiro, akiwa Makerere, aliendelea kuchora mashamba na mavuno ya Wachaga. Njau naye, mwaka 1959, alichora maisha ya Yesu katika kuta za kanisa la Murang'a nchini Kenya, akayaweka katika mandhari ya huko na kwa sura za Waafrika.

Sasa tuwaulize wenye rai ile: je, Maloba alikuwa mgeni Kampala? Ikiwa alikuwa mgeni, basi Uganda ilimkabidhi mgeni alama ya uhuru wake. Ikiwa hakuwa mgeni, basi uenyeji haupatikani kwa ukoo peke yake; hujengwa pia kwa kazi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali hii hutumiwa mara nyingi kama fimbo ya kumrudisha kijana kwa babu yake. Sisi twaisoma vingine: kule kutunzwa ndiko kunakopafanya mahali pawe kwao. Jak Katarikawe, mwana wa Kigezi aliyekuwa dereva na ambaye hakupitia chuo cha sanaa, aliwachora ng'ombe wa kwao huku akiishi Nairobi, hadi alipofariki mwaka 2018. Nairobi ilimtunza, na ng'ombe wake hawakupotea njiani.

Hatusemi kwamba ya kale yatupwe. Hofu ya wazee kwamba ufundi wao utakufa pamoja nao ni hofu ya kweli. Tuchukue lubugo, nguo ya Baganda itengenezwayo kwa kugonga gome la mti wa mtuba, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2005 kuwa urithi wa wanadamu. Wapo wasanii wa Kampala wanaoishona na kuichora, wakasimulia juu yake mambo ya mjini. Gome ni la zamani, habari ni ya leo. Ufundi hudumu kwa kupewa kazi mpya, wala haudumu kwa kufungiwa kabatini.

Mwaka 2014, katika tamasha la KLA ART, wasanii walishirikiana na waendesha bodaboda, pikipiki zikarembwa na kupita mitaani. Ni kitu gani kilicho cha Kampala kuliko bodaboda? Na neno lenyewe lilizaliwa mpakani, baina ya Uganda na Kenya. Kijana asiye na shamba Masaka wala mifugo Mbarara ana mtaa wake, uwe Katwe, Kisenyi au Naguru. Akiuchora, anatamka: hapa ni petu. Nani atamwambia anasema uongo?

Wapo pia walimu wa lugha wasemao kwamba picha si kazi yao. Nao tunawapinga. Trowell aliwasimulia wanafunzi kisa kwa maneno, nao wakachora walichokiona akilini; picha zile zilianzia masikioni. Tena Kiswahili kina haja na picha hizi. Kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaafiki kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini wengi bado wanakikumbuka kuwa lugha ya kambi za askari, ya amri na hofu, hasa katika miaka ya Idi Amin, 1971 hadi 1979. Kumbukumbu hiyo haitafutwa kwa azimio la serikali. Lugha hupendwa pale mtu anapoitumia kusema jambo analolipenda.

Basi, ndugu walimu, mwacheni mwanafunzi achore kwao jinsi anavyokuona, kisha aeleze kwa Kiswahili kwa nini mama amesimama pale, kwa nini ukuta ni mwekundu, kwa nini njia inaishia gizani. Atahitaji maneno ya rangi, kivuli, umbo na masafa, naye atayashika kwa sababu yanamfaa. Tusimsahihishe mahali anapopaita kwao. Tumsahihishe ngeli tu.